MAUMIVU YA TUMBO YASIYONGOJA ASUBUHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa ukumbusho wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)





Nalipoombwa kusema maneno machache katika mkutano huu, wengi wenu mlitazamia ya kuwa nitazungumza juu ya masomo ya dini, maana ndiyo kazi yangu tangu ujana. Nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo jingine, nalo ni maradhi ya tumbo yatakayo kisu cha daktari kwa haraka. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuuliza, na daktari mmoja wa upasuaji ameyapitia na kuyasahihisha. Walakini sababu iliyonifanya niulize sikuipata kwa daktari wala kitabuni. Niliipata nyumbani kwangu, na yanipasa niieleze kwanza, ijapokuwa ni aibu yangu.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 14, akikaa kwangu kwa ajili ya masomo. Siku moja ya mwezi wa Ramadhani, baada ya daku, mtoto alilalamika tumbo. Alisema linauma penye kitovu. Tukasema ni chakula cha daku. Ilipofika adhuhuri akatapika, na maumivu yakahama yakashuka chini upande wa kuume. Tukamfuturisha. Mke wangu akasema, "Tumpeleke hospitali." Mimi nikasema, "Ni chango tu." Nikachemsha sanamaki nikampa kikombe kizima, nikamsomea dua, nikampaka mafuta. Usiku kucha alilala amekunja goti la kuume, hataki kuguswa. Siku ya pili nikampa sanamaki tena.

Siku ya tatu, alfajiri, maumivu yalipungua kwa ghafula. Mtoto akatabasamu, akaomba maji. Nikasema Alhamdulillahi, nikaagiza kuku achinjwe. Kufika magharibi tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, macho yamezama, mikono ya baridi, na pumzi za mbio mbio. Tukamkimbiza hospitali, na daktari akampasua usiku ule ule. Alikuta usaha umeenea tumbo zima. Mtoto aliishi siku 4 baada ya hapo, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua.

Daktari yule hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Maumivu yalianza saa ngapi?" Nikahesabu kwa vidole vyangu, toka daku ya siku ya kwanza mpaka magharibi ya siku ya tatu. Zilikuwa saa 62. Tangu siku ile sijapata kuisahau hesabu hiyo.

Ndugu zangu, najua mtasema ajali ni ya Mungu. Nami nasema hivyo, na ndugu yangu alinisamehe kwa neno hilo hilo. Lakini sote tumefundishwa habari ya yule mtu aliyeambiwa na Mtume, sala na amani zimshukie, amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu. Mimi ngamia wangu sikumfunga. Nilisoma dua, na dua ni haki. Bali niliifanya dua kuwa mahali pa safari, na ilikuwa yafaa niisome ndani ya gari.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya tumbo lile. Chini upande wa kuume, mahali utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana, pananing'inia kiutumbo kidogo kisichopita kitu, mfano wa kidole. Watu hukiita kidole tumbo. Mlango wake ukizibika, huvimba kwa ndani. Ukivimba, damu hukosa njia ya kupita. Damu ikikosekana, nyama huoza. Na nyama ikioza, hupasuka. Maumivu ya kwanza huwa penye kitovu, nayo hayana mahali hasa. Baada ya saa kadhaa hushuka kuume, na hapo mgonjwa huweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Hamu ya chakula humpotea. Akikohoa huumia. Gari likiruka shimo huumia. Homa huwa ndogo mwanzoni, kwa hiyo mkono wa mama huweza kudanganyika.

Na ile sanamaki niliyompa? Dawa ya kuharisha hulazimisha utumbo ujikaze na kusukuma. Kumpa mtu wa namna hii sanamaki, au haluli, au mafuta ya mbarika, ni kama kukiminya kibofu kilichokwisha kujaa. Na ile nafuu ya alfajiri ndiyo iliyokuwa hatari kuliko yote. Kidole tumbo kilipopasuka, mkazo ulilegea, na maumivu yakapungua kwa muda. Uchafu ukamwagika, na tumbo zima likashika moto. Basi shikeni neno hili: mtu aliyeumwa sana na tumbo kwa siku nzima au mbili, kisha akapata nafuu ya ghafula bila ya kutibiwa, asichinjiwe kuku. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Tusidhani ya kuwa ujinga huu ni wa maskini peke yao. Maradhi haya yalielezwa sawasawa na kupewa jina lake na daktari Reginald Fitz wa Boston, huko Marekani, mwaka 1886. Miaka 16 baadaye, mwaka 1902, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa avikwe taji tarehe 26 Juni. Wageni wa mataifa wamekwisha kufika London, vyakula vimekwisha kupikwa, na mfalme anaumwa tumbo naye hataki sherehe iahirishwe. Daktari wake wa upasuaji, Frederick Treves, alishikilia ya kuwa hapana budi, akampasua tarehe 24 Juni katika jumba lake la kifalme na kuutoa usaha. Mfalme akapona, akavikwa taji tarehe 9 Agosti. Na Treves huyo alikuwa amemzika binti yake mwenyewe mwaka 1900, kwa maradhi hayo hayo ya kidole tumbo. Nilipoisikia habari hii nililia, kwa kuwa nilimjua mwenzangu. Tena nilijiambia: ikiwa taji la mfalme liliweza kungoja majuma sita, hapana harusi, wala safari, wala biashara ya mtu yeyote hapa kwetu isiyoweza kungoja.

Wako pia wasemao ya kuwa kisu ni jambo la kizungu. Hao hawakusoma habari za wazee wao. Abul-Qasim al-Zahrawi, Mwislamu wa Andalus, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, pamoja na picha za vyombo vyake. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya walikisoma kwa karne nyingi. Kisu ni amana iliyopita mikononi mwetu pia.

Huenda mtu akaniuliza, "Shekhe, tumbo huuma kila siku, nitajuaje lipi la kungoja na lipi lisilongoja?" Swali hili ni la haki. Daktari mmoja Mwingereza, Zachary Cope, alitoa kitabu mwaka 1921 juu ya kuyatambua mapema maradhi ya tumbo ya ghafula, nacho kimewafundisha waganga wengi baada yake. Kanuni yake moja yafaa kila mwenye nyumba aijue. Mtu aliyekuwa mzima, akishikwa na maumivu makali ya tumbo yakadumu zaidi ya muda wa saa 6, mara nyingi ugonjwa wake ni wa kisu. Hesabuni basi: likianza baada ya isha, msingoje mapambazuko.

Lakini ziko dalili ambazo hata hizo saa 6 hazingojewi. Kwanza, tumbo lililokauka kama ubao, mgonjwa amelala kimya bila ya kujigeuza. Huyu huenda vidonda vya tumbo vimetoboka, hasa ikiwa alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya viungo alivyojinunulia dukani. Pili, tumbo linalovimba, mtu anatapika, wala hapati choo wala upepo hautoki. Huyu utumbo wake umeziba, au umejisokota kama kamba. Tatu, mwenye homa ya matumbo aliyelala majuma mawili au matatu, kisha akashikwa na maumivu makali kwa ghafula. Utumbo wake huenda umetoboka. Nne, mtoto mchanga anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, akanyamaza kwa kuchoka, kisha akalia tena, na choo chake kikawa ute wenye damu. Utumbo wake mmoja umeingia ndani ya mwingine. Tano, mtu yeyote mwenye maumivu ya tumbo aliyezimia, au aliye na jasho la baridi na moyo wa mbio.

Sasa nina neno kwa wanaume wenzangu, hasa wazee. Nataka kusema juu ya ngiri. Yuko mzee mmoja wa msikiti wetu aliyenipa idhini nimtaje bila ya jina. Alikaa na ngiri kinenani miaka 20, akiificha chini ya kanzu. Kila jioni alilala chali akairudisha kwa mkono. Siku moja aliinua gunia la mchele, ngiri ikatoka, ikakataa kurudi. Ikawa ngumu, ikauma, naye akaanza kutapika. Kwa kuona haya alisema anaumwa kiuno. Mjukuu wake alipogundua, zilikuwa zimepita saa nyingi. Walipompasua walikuta kipande cha utumbo kimekwisha kuwa cheusi, kikakatwa. Alipona kwa rehema ya Mungu, baada ya taabu ndefu na gharama kubwa.

Wazee wangu, ngiri inayorudi yenyewe yaweza kupasuliwa kwa utulivu, kwa siku mliyoichagua wenyewe. Ngiri iliyokataa kurudi na inayouma, utumbo ulio ndani umekabwa koo. Nao huweza kuanza kufa kwa muda wa saa 6 hivi. Msiisukume kwa nguvu, wala msiikande kwa maji ya moto. Na haya? Haya ni sehemu ya imani, lakini haya isiyomwambia daktari ukweli haikuhifadhi uchi, imeua mwenye uchi.

Neno langu la pili ni juu ya mama zetu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ambaye hedhi yake imechelewa, akishikwa na maumivu ya ghafula chini ya tumbo, akaona kizunguzungu au akazimia, mdhanieni ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mimba hiyo ikipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na kwa nje pengine huoni ila tone dogo. Mwanamke huyu huweza kufa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuandaa mkutano wa familia. Nimepata kusikia watu wakisema, "Tumngoje mumewe, yuko ziwani." Kwa hiyo nasema mbele yenu wote, na mashekhe wenzangu wanisahihishe nikikosea: panapo hatari ya roho, idhini ya mume haingojewi. Kadhalika, akikosekana daktari mwanamke, daktari mwanamume na amtazame na ampasue kwa kadiri ya haja, kwa kuwa dharura ina hukumu yake. Na mume mwenye busara asafiripo amwambie mkewe na jirani zake mapema: "Likitokea jambo, msiningoje."

Basi tufanye nini tangu tumbo liume mpaka hospitali? Msimpe mgonjwa dawa ya kuharisha wala enema. Msimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akapewa nusukaputi, na tumbo lililojaa huweza kutapika likaziba pumzi. Mlowesheni midomo tu. Msimkande tumbo. Mwacheni alale apendavyo, na mwenye kumwaga damu alazwe chali. Kisha andikeni katika kipande cha karatasi mambo haya: maumivu yalianza saa ngapi na mahali gani, alikula lini mara ya mwisho, amemeza dawa gani, pamoja na za miti shamba, kama ni mwanamke, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Msiifiche sanamaki. Mimi niliificha mwanzoni, mpaka daktari aliponiuliza mara ya pili.

Huko hospitali msishangae mkiona hawakimbilii kisu mara moja. Kwanza humtilia maji na chumvi kwa mshipa, kwa kuwa mwili uliokauka hauwezi kuvumilia upasuaji. Humpa dawa za kuua vijidudu, na pengine humwingiza mpira puani mpaka tumboni ili kutoa yaliyojaa, na mwingine wa kupimia mkojo. Humtazama tena na tena, kwa kuwa tumbo huweza kufunua leo jioni lililolificha leo asubuhi. Zamani waganga walikataza kumpa mgonjwa dawa ya maumivu kabla ya kujulikana ugonjwa, wakiogopa dalili zitafichika. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha ya kuwa dawa hiyo, ikitolewa na mganga, haimzuii kuujua ugonjwa. Basi iombeni, wala msidhani kuvumilia maumivu ni sharti.

Na baada ya kupasuliwa kazi haijaisha. Mgonjwa ainuliwe na kutembezwa mapema kama atakavyoagizwa, maana alalaye tu huweza kugandwa na damu miguuni au kujaa makohozi kifuani. Asilishwe kwa siri. Uji wa huruma unaopitishwa chini ya shuka umekwisha kuwadhuru wengi. Kidonda kisitiwe majivu, wala majani, wala asali ya kienyeji bila ya kuuliza. Dawa zimalizwe zote. Homa inayorudi siku ya tano au ya sita, kidonda kinachotoa usaha, tumbo linalovimba upya, mguu mmoja unaofura, haya yasingojewe mpaka siku ya miadi. Na aliyepata kupasuliwa tumbo ajue ya kuwa matumbo huweza kushikana kwa ndani kwenye kovu, hata baada ya miaka mingi. Siku akitapika na tumbo kuvimba bila ya choo, amwambie daktari juu ya kovu lake, asilione la zamani.

Nakuja mwisho wa maneno yangu, ambao ndio ulionileta hapa. Wataalamu husema kuchelewa ni kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mwaka 2015 jopo lililokutanishwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilikadiria ya kuwa watu bilioni 5 ulimwenguni hawana njia ya kuufikia upasuaji ulio salama wanaoweza kuulipia, likashauri watu waweze kufika penye upasuaji wa dharura kwa muda wa saa 2. Kuchelewa kwa tatu ni kazi ya serikali na waganga. Lakini kule kwa kwanza na kwa pili kuko mikononi mwetu sisi tulioketi hapa.

Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliagiza watoto walio chini ya miaka 5 na wanawake wanaojifungua watibiwe bure katika hospitali zake. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtoto wangu wa miaka 14 hakuwamo katika agizo hilo, wala mzee mwenye ngiri hayumo. Na ndugu zetu wa Rumonge wako mbali nasi kiasi cha kilomita 70, na usiku ni usiku.

Ndugu zangu, Jumuiya yetu ina sanduku la mazishi, nami najivuna nalo. Mtu akifa hapa kwetu, kabla jua halijatua sanda imepatikana, kaburi limechimbwa, gari limepatikana, na mafuta ya gari yamepatikana. Hapana aulizaye nani atalipa. Nawaulizeni swali ambalo limenikosesha usingizi: gari lile lile, mbona halipatikani usiku wa manane, mwenye kuhitaji angali anapumua? Siku ile ya tatu nilitafuta gari toka magharibi hadi karibu na isha. Kesho yake alipofariki yalikuja magari... la, nisikosee hesabu. Alifariki siku ya nne baada ya kupasuliwa, na magari yaliyokuja yalikuwa 5.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, litengwe fungu katika sanduku letu, liitwe fungu la walio hai, kwa ajili ya gari na amana ya hospitali, lirudishwe pole pole na mwenye uwezo. La pili, watajwe hapa leo wenye magari wawili katika kila mtaa watakaokubali kuamshwa usiku wowote, na nambari zao za simu zibandikwe mlangoni mwa msikiti. La tatu, kila imamu na kila mwalimu wa chuo afundishe kanuni ya saa 6, akianzia na mimi. Atakayekuja kwangu usiku anataka kusomewa tumbo, nitamsomea. Lakini nitamsomea ndani ya gari.

Mimi nimeanza kwa kutoa changu, nacho nimemkabidhi mtunza fedha kabla ya kupanda hapa. Ni kidogo. Nimekitoa kwa nia ya mtoto yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, na anisamehe mimi, na awape waganga wetu mikono imara na sisi miguu ya haraka.